Mtani Mbele ya Hakimu

Alhamisi, 4 Machi 1993

Leo hakimu ameuliza swali jepesi kabisa: msiba wa Mzee Paulo ulikuwa tarehe ngapi? Mume wangu Dominiko akajibu, "Siku ile ya mvua ya mawe." Raphael, mlalamikaji, akasema tarehe nane. Shahidi wa Raphael akasema tarehe kumi na moja. Hakimu akaweka kalamu chini. "Watu wazima wazima hamjui tarehe?" Nilitamani benchi linimeze. Mimi nilisoma kwa masista hadi darasa la nane, na mwandiko wangu ulikuwa ukibandikwa ukutani. Basi nimenunua daftari hili kabla ya kupanda mlima, na kuanzia leo tarehe naziweka mimi, Skolastika, wasije wakatuita wajinga tena.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niiandike na kesi yenyewe, maana kila ninapoisimulia mjini watu wanacheka, na mimi sina cha kucheka.

Mzee Paulo alikuwa mjomba wa Raphael, kaka wa mama yake. Ukoo wao na ukoo wa mume wangu ni watani tangu enzi za mababu. Akifa mtu wao, watu wa Dominiko ndio wanaochimba kaburi na kuzika, na ndio wanaotukana. Akifa mtu wa ukoo wa Dominiko, wanakuja wao. Siku hiyo Dominiko alivaa khanga yangu ya kanisani bila kuniomba, akashuka kaburini, akajilaza. "Paulo asiletwe humu, nimeshapanga mimi! Na hilo jeneza mmelitoa wapi? Zuri kuliko nyumba yake!" Watu walicheka. Hata Beata, dada wa marehemu, mama yake Raphael, alicheka huku machozi yakimtoka. Baadaye Dominiko akaingia uani, akaiona redio kaseti mpya ya Raphael, akajitwisha kichwani, akaenda zake akiimba.

Hiyo ndiyo desturi. Mtani akichukua kitu msibani, wenye msiba wanakuja kukikomboa kwa kuku na kibuyu cha pombe. Mnatukanana, mnakunywa, basi. Kila mtoto wa huku juu anajua, na Raphael anajua, asijitie uzungu. Ila siku hizi Raphael ni mfanyabiashara wa Dumila, ana lori na miwani ya jua. Hakuja na kuku. Alikuja na askari.

Na huyu mume wangu naye! Askari wanamuuliza, "Umechukua redio?" Mtu mwenye akili angeeleza mambo ya utani. Yeye akasema, "Nimechukua, na jeneza lingekuwa jepesi ningechukua na jeneza." Wakaandika yote. Leo imesomwa mahakamani neno kwa neno, na hakimu hakucheka.

"Mheshimiwa, huyu ni mtani," nikasema kutoka kwenye benchi, ingawa sikuulizwa.

"Mama, utani naujua, na kwetu upo," akasema hakimu. "Lakini hapa kwenye shitaka hakuna utani. Kuna wizi."

Akipatikana na hatia anaweza kufungwa mpaka mwaka mzima. Ana miaka sitini na mbili na kifua kibovu. Yuko nje kwa dhamana ya binti yetu Neema, mwalimu, anayekaa Mafiga. Kesi tarehe 18.

Jumamosi, 6 Machi

Mvua tangu alfajiri. Tumepalilia kabichi. Dominiko anaimba.

Jumanne, 9 Machi

Beata amekuja na ujumbe wa mwanawe. Raphael anasema Dominiko aende akaombe radhi mbele ya watu, kesi ataifuta siku hiyo hiyo. Nikashukuru Mungu. Nikasema, kumbe kijana ana utu.

Dominiko alikuwa anafunga majani ya ng'ombe. Hata hakuinua kichwa. "Mtani anaomba radhi?"

"Baba Neema, maneno matatu tu. Nisamehe, nilikosea, basi."

"Nikisema nilikosea, nimekubali niliiba. Nikikubali niliiba, basi na baba yangu aliiba, na babu yangu aliiba, na sisi wote tunaokwenda kwenye misiba yao ni wezi. Nani atakwenda tena kuwazika?"

"Watajizika wenyewe! Wewe unakwenda jela kwa ajili ya redio ambayo hata huna. Iko polisi!"

"Basi nitakwenda," akasema, akajitwisha majani yake.

Mbishi, mbishi, mbishi. Mama yangu alinionya kabla sijaolewa.

Alhamisi, 18 Machi

Tumetoka nyumbani gizani, mwendo wa saa tatu kwenye tope, tumefika saa mbili na nusu. Tumekaa kwenye benchi mpaka saa sita. Karani akatoka: mzee wa baraza mmoja anaumwa, na bila wazee wa baraza wawili hakimu hawezi kusikiliza. Kesi imeahirishwa hadi tarehe 1 Aprili. Tumepanda mlima, mvua mgongoni.

Nimeuliza kwa nini hawakutuambia asubuhi. Karani akasema hakuulizwa.

Jumatatu, 22 Machi

Leo lori la Raphael limekuja kuchukua mboga. Zamani tulikuwa na ushirika, ukichelewa unachelewa, lakini ulikuwa wetu sote, hata kuutukana tuliutukana pamoja. Sasa ni soko huria. Yaani Raphael. Masika hii magari mengine yameogopa barabara, linalofika ni lake peke yake. Kwa hiyo likipiga honi, kijiji kizima kinatabasamu.

Nilikwenda kwa Ignas. Ni wa ukoo wa Dominiko, naye ni mtani vilevile, na siku ile ya Mzee Paulo ndiye aliyecheka kuliko wote. Nikamwambia aje tarehe moja kutoa ushahidi.

"Mama Neema, mimi nilikuwepo," akasema, "lakini sikuona."

"Hukuona mtu mwenye khanga na redio kichwani?"

"Nilikuwa nimeinama."

Amevuna karoti gunia nne. Zilikuwa zimepangwa mlangoni zikingoja lori. Nikamtakia kuinama kwema.

Kabichi zetu Raphael hakuzigusa. Alipita tu. Nitazibeba kichwani hadi mjini kidogo kidogo.

Alhamisi, 1 Aprili

Wazee wa baraza wote wawili walikuwepo. Mmoja ni mama wa mjini, Bi Mwamvita, ana uso wa kusikiliza, nikapata matumaini. Raphael alikuwepo na hakimu alikuwepo. Kilichokosekana ni redio. Kielelezo hakijafika, kwa sababu askari mwenye ufunguo wa stoo amehamishiwa Ngerengere, na ufunguo ameondoka nao.

Sasa niandike jambo hili na tarehe yake. Leo, tarehe 1 Aprili, saa saba mchana, nilipita mbele ya kituo, na redio ile ile nikaisikia inatangaza mpira. Naijua sauti yake, ina mkwaruzo. Nikasimama dirishani nikamuuliza askari, "Afande, stoo imefunguka?" Akaniambia nisimfundishe kazi.

Kesi tarehe 15.

Jumatatu, 5 Aprili

Mvua. Ukuta wa jiko umeanguka upande mmoja. Dominiko ameutukana, kisha ameujenga.

Jumapili, 11 Aprili. Pasaka

Baada ya misa Beata alinishika mkono nyuma ya kanisa. Tumekua pamoja, tulibebana migongoni kwa zamu, tumezaa mwaka mmoja. Nikamwambia wazi: "Mama Raphael, wewe ulicheka. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Njoo kwa hakimu useme tu hivyo, kwamba ulicheka. Mtu haibiwi huku anacheka."

Akatazama chini. "Nyumba yangu imeezekwa nusu, Skola. Bati zilizobaki ziko Dumila. Nikisema, zitabaki huko huko."

"Bati!" Nilipiga kelele, wanakwaya wakageuka. "Mume wangu anafungwa, wewe unaniambia bati?"

"Upande wangu wa kulala ndio haujaezekwa," akasema.

Nilimwachia mkono nikaondoka. Nimekasirika mchana kutwa. Jioni mvua ilipoanza kupiga nikaanza kufikiria kitanda chake kimekaa upande gani, nikakasirika zaidi, safari hii sijui kwa nani.

Alhamisi, 15 Aprili

Nitaandika polepole nisiruke kitu.

Tulitoka saa kumi alfajiri. Mvua ilikuwa haijakatika siku mbili. Tulipofika pale njia inapobana, njia haikuwepo. Mlima umeshuka, migomba na mawe vyote vimo mtoni. Nikamwambia Dominiko turudi, tutume mtu aeleze. Akasema, "Sheria haijui maporomoko. Twende." Ona! Mtu anayemchekesha maiti kaburini, leo ameiogopa sheria kuliko mimi. Tukazunguka kwa juu, msituni, tukishika mizizi. Alianguka mara mbili, na mara ya pili alikaa muda mrefu akikohoa, nami nimemshika kola asiteleze. Tulifika saa nane mchana, tope mpaka kwenye nywele.

Kesi iliitwa saa tatu. Mshitakiwa hakuwepo. Wazee wa baraza walikuwepo, redio ilikuwepo, kila kitu kilikuwepo. Siku moja tu nchi hii imekamilika, na sisi tuko msituni.

Hakimu alikuwa anafunga mkoba. Nikamwambia njia imeanguka. Akasema kila mshitakiwa wa mlimani ana njia iliyoanguka. Nikamwonyesha miguu yangu. Nadhani aliona. Nadhani hata alisikitika, maana alivua miwani akaifuta. Lakini akasema amri ameshaiandika: dhamana imefutwa, mshitakiwa akae mahabusu mpaka kesi itakapotajwa tena. Lini? Yeye anakwenda semina, kisha kuna kesi nyingine. Tarehe 13 Mei.

"Mheshimiwa, amekuja mwenyewe kwa miguu yake," nikasema. "Mwizi gani anayetambaa kwenye maporomoko kuja kufungwa?"

"Mama, utayasema hayo tarehe kumi na tatu."

Wakamchukua. Dominiko akageuka mlangoni akaniambia nisisahau kufungua mfereji wa shamba la juu, maji yasije yakang'oa kabichi. Hakutukana mtu. Hilo ndilo lililonitoa machozi.

Nimelala kwa Neema. Ameniambia nile. Sikuweza.

Jumanne, 20 Aprili

Nimempelekea ugali na samaki. Askari magereza amechoma ugali kwa kijiti kutafuta kisu.

Dominiko amekonda. Anakohoa. Wenzake walimuuliza ameingia kwa kosa gani, akawaambia, hawakumwamini, wakasema anaficha la maana. Nikamwambia, "Baba Neema, bado unaweza kuomba radhi." Nilisema hivyo kwa sababu nimezoea kusema. Akanitazama, akasema, "Ulipofiwa na mama yako, Skola, ukakaa siku mbili huli, nani alikufanya ule?"

Nakumbuka. Mtani wetu mmoja, mzee kibogoyo, alikuja akala chakula changu mbele yangu akisema mama alikuwa mpishi mbaya na sasa anajua nimerithi kwa nani. Nilicheka nikala. Nisingekula siku ile, sijui.

Sikumwambia tena aombe radhi. Lakini ni mbishi, na hilo halijabadilika.

Jumatano, 28 Aprili

Beata ana homa tangu Jumapili. Nilikuwa nimeapa sitakanyaga kwake, nikakanyaga. Yuko kwenye kitanda chini ya turubai, upande ule ule, maji yanaingia kwenye sufuria mbili. Nikamsogezea kitanda upande wenye bati. Alikuwa mwepesi ajabu.

Akanishika. "Tarehe ngapi ile?"

"Kumi na tatu."

"Nitakuja. Nitamwambia hakimu nilicheka. Raphael akitaka akae na bati zake."

Nikamwambia apone kwanza. Lori haliwezi kupita, barabara imekatika sehemu tatu. Vijana wanatengeneza machela ya kumshusha kesho.

Ijumaa, 30 Aprili

Beata amefariki saa nne asubuhi, kabla machela haijatoka kijijini. Raphael amefika jioni kwa miguu kutoka barabara kuu.

Jumamosi, 1 Mei

Mpaka saa moja asubuhi watani walipaswa kuwa wameshafika, wamevaa vituko, wanadai chai, wanauliza nani amemruhusu Beata kuondoka. Hakuna aliyekuja. Uwanja kimya. Raphael akaenda mwenyewe kwa Ignas na kwa wengine wa ukoo ule, mlango kwa mlango. Wote walitoka, wakampa mkono, wakamwambia neno moja: "Sisi tunaogopa sheria, bwana."

Ignas huyo huyo! Aliyekuwa ameinama! Sikujua nimpongeze au nimzabe kofi. Angesimama wima mwezi wa tatu, leo Dominiko angekuwa kaburini anatukana.

Saa mbili Raphael alikuja kwangu. Bila miwani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nisindikize mjini. Naifuta kesi. Nataka mzee aje amzike mama."

Nilikuwa na maneno mengi nimeyaweka, ya miezi miwili. Nikachukua kitenge changu tukashuka.

Leo ni Mei Mosi. Mahakama imefungwa. Mahabusu, askari akasema hawezi kumtoa mtu bila karatasi ya hakimu. Tukamtafuta hakimu, tukampata uwanjani amekaa jukwaani kwenye maandamano ya wafanyakazi, ngoma zinalia. Raphael akapiga magoti pale kwenye nyasi, suruali yake ya kitambaa.

"Mheshimiwa, mimi ndiye mlalamikaji. Silalamiki tena."

Hakimu akashuka, akatupa pole, na aliisema kwa moyo. Kisha akasema hawezi kumtoa mtu kutokea uwanjani. Anahitaji jalada, jalada liko kabatini, karani mwenye kabati amekwenda kwao, na kesho ni Jumapili. "Njooni Jumatatu asubuhi, nitalishughulikia la kwanza."

"Maiti haingoji Jumatatu," nikasema. "Ameshamaliza siku moja, na huku juu hatuna barafu."

"Mama, hata mimi naona. Lakini sheria ndiyo hiyo."

Njiani kupanda Raphael alikaa juu ya jiwe akalia. "Nilitaka tu watu wajue changu ni changu," akasema. Ni mtoto niliyempa ziwa langu Beata alipougua matiti. Nilitaka kumwambia mkataa kwao ni mtumwa. Sikumwambia. Nilimwambia wala hukuuliza mama yako analala upande gani. Hilo lilimwingia, na sijutii.

Jumapili, 2 Mei

Tumemzika Beata. Kaburi limechimbwa na vibarua wawili waliolipwa, hawakumjua. Padre alisali vizuri. Hakuna aliyejilaza kaburini, hakuna aliyesema jeneza ni zuri kuliko nyumba. Tulisimama kwenye mvua tunasikia udongo unavyoanguka, kila koleo. Sijawahi kusikia udongo wa kaburi maisha yangu yote. Huwa kuna kelele.

Jumatatu, 3 Mei

Kesi imefutwa saa tatu na dakika kumi. Ilianza saa tatu kamili. Miezi miwili ya tope, mabenchi, ufunguo wa Ngerengere, halafu dakika kumi. Bi Mwamvita, yule mzee wa baraza, akaniambia mlangoni, "Dada yangu, mimi tangu siku ya kwanza nilijua ni utani." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema zamu yao ya kusema huwa mwishoni.

Dominiko ametoka. Nilimwambia njiani kwamba Beata amefariki, na kwamba alikuwa aje tarehe kumi na tatu kumtetea. Alisimama. Akauliza, "Nani alimzika?" Nikamwambia vibarua. Akatangulia mbele yangu mpaka nyumbani.

Jumatano, 12 Mei

Mvua inapungua. Dominiko analima. Haimbi.

Jumamosi, 29 Mei

Leo tumeanua matanga ya Beata. Raphael ameezeka nyumba yote, bati zinang'aa, hakuna wa kulala chini yake. Tangu asubuhi aliacha kila kitu wazi. Milango wazi, kuku hawakufungiwa, mbuzi amefungwa kwa kamba ya mgomba ambayo hata mtoto angeikata. Kiti chake kizuri kipo uani peke yake. Kila mtu aliona, na kila mtu alikuwa anatazama njiani.

Dominiko alikuja na koti lake la kanisani. Nilikuwa nimeliona tangu nyumbani, nikamwambia, chukua khanga yangu, chukua yoyote, hata hii niliyovaa. Akasema koti linatosha.

Aliingia uani, akavua kofia, akampa Raphael mkono. "Pole sana, bwana Raphael. Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi." Akaenda kukaa kwenye benchi la wageni, karibu na padre, magoti pamoja.

Raphael akamfuata. "Mzee, mama yangu hujamtukana."

"Marehemu hatukanwi, bwana."

"Chukua kitu basi. Chochote. Chukua mbuzi."

"Mali ya mtu?" Dominiko akatikisa kichwa taratibu. "Hapana, ahsante."

"Nitukane mimi, mzee. Nastahili."

"Sina neno na wewe."

Miaka thelathini na moja nimemwomba mwanamume huyu anyamaze misibani. Leo nilimkanyaga mguu chini ya benchi, nikamnong'oneza, sema kitu, kichaa wewe, sema lolote. Akausogeza mguu wake. Raphael bado alikuwa amesimama mbele yetu, mikono imelegea.

"Na mimi nikifa, mzee," akasema, "nani atanizika?"

"Kaandikishe polisi," Dominiko akasema.

Kuna waliotaka kucheka, niliwaona wanavuta pumzi. Ignas alishafungua mdomo. Wote wakanigeukia mimi, mke wake, niwaambie kama ni utani umerudi. Nikamtazama usoni. Nao uso ule naujua. Alikuwa hatanii.